Maji Kwanza, Kamera Baadaye

Mtu akitaka kuanza kupiga picha chini ya maji, swali lake la kwanza huwa ni moja: ninunue kamera gani? Nimewauliza wenye studio wa hapa Butembo, rafiki anayesoma Kampala, na mfanyabiashara wa mtaa wetu anayekwenda Dubai kuleta bidhaa. Kila mmoja alinitajia jina la kamera na bei yake. Mvuvi mmoja mzee wa Kyavinyonge ndiye pekee aliyenijibu kwa swali jingine: "Unataka kupiga foto ndani ya maji gani?" Hajawahi kushika kamera katika maisha yake, lakini tangu siku hiyo sijasikia shauri lililonifaa zaidi ya hilo.

Nieleze kwanza mwanafunzi wa lugha anatafuta nini majini. Kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu maneno ya wavuvi wa Ziwa Edouard: majina ya nyavu, ya upepo, ya rangi za maji, na ya mambo yanayotendeka chini ambako jicho halifiki. Butembo yenyewe haina ziwa. Tuna mto Kimemi, tuna mabwawa ya samaki mabondeni, na tuna baridi ya milimani, kwa kuwa mji uko juu ya mita 1,700. Samaki hutupandia kutoka bonde la ufa kwa barabara ya Kyondo, wabichi, wa moshi au wa chumvi. Shangazi yangu, ambaye sisi wote nyumbani tunamwita Tantine, anaishi kwa biashara hiyo.

Katika daftari langu kulikuwa na neno moja lililonisumbua. Wavuvi walisema tilapia wana "vitanda". Dume huchimba shimo la mviringo kwenye mchanga, mahali pa maji mafupi, na hapo ndipo jike huja kutaga. Mayai yakishatoka, jike huyachukua mdomoni na kuyalea humo mpaka watoto waweze kuogelea. Vitabu vya samaki vinasema hivyo hivyo. Lakini pale mwaloni, vijana wengi hawakuamini. Wakubwa wakikataza kuvuta nyavu kwenye mazalio, wao hujibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kuona hivyo vitanda, kwamba ni maneno tu ya kuwanyima riziki. Nikafikiri: picha moja safi ya kitanda kimoja ingesaidia kamusi yangu, na pengine ingesaidia zaidi ya kamusi.

Upande wa fedha mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa na dola 300 nilizoweka kidogo kidogo kwa kusahihisha na kupiga chapa kazi za wenzangu. Zilinitosha kwa simu nzuri, si kwa kamera ninayoitaka. Tantine alikuwa karibu kupokea zamu yake ya likelemba. Nilipomwomba dola 200 aliweka kisu chini, akafuta mikono, akaniuliza: "Mwana wangu, hii kamera itazala nini?" Dola 200 kwake ni mtaji. Ni samaki wanaonunuliwa ziwani Jumatatu na kuuzwa Butembo Jumatano, na faida yake hulipa shule za watoto wawili. Kwa hiyo sikuruhusiwa kuchagua kwa kupendezwa. Ilibidi kila kitu nilichonunua kiweze kujibu swali lake.

Nikaanza kupima njia zilizopo, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni mfuko wa plastiki wa kuvalisha simu. Unauzwa kwa dola chache, na wengi huishia hapo. Shida yake huonekana mara tu simu inapozama: kioo cha kugusa hakimtambui tena mtu kidole chake, kwa sababu maji yanabana mfuko pande zote. Unaweza kuwasha video kabla ya kuzamisha na kuombea yatokee mema, lakini huwezi kuchagua picha. Na mfuko ukipasuka, umepoteza simu, namba za watu na fedha za simu kwa pamoja.

Ya pili ni kamera ndogo ya GoPro. Ni ngumu, inaona eneo pana, na zile za miaka ya karibuni zinahimili mita 10 bila kuongezewa kitu. Kwa video ya mtumbwi, ya wimbi, ya mtu anayeogelea, ni nzuri sana. Ila lenzi yake imewekwa umbali mmoja daima. Kitu kikiwa karibu kuliko sentimita 30 hivi, hakikai sawasawa. Tutaona baadaye kwa nini hilo ni jambo kubwa kwetu.

Ya tatu ni kuchukua kamera kubwa ya studio na kuitafutia sanduku lisilopitisha maji, ambalo wenye Kifaransa huliita caisson. Picha zake hazina mpinzani. Lakini sanduku mara nyingi hugharimu kuliko kamera yenyewe, na sanduku la kamera moja haliingii kamera nyingine, kwa kuwa kila kitufe lazima kikutane na kijiti chake. Siku kamera inapokufa, sanduku nalo limekufa.

Ya nne niliiangalia kwa ajili ya historia tu. Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari mwaka 1893, pale Banyuls-sur-Mer, kwa chombo kilichohitaji watu kadhaa kukishusha. Baadaye Mbelgiji Jean de Wouters akabuni kamera ya kuingia majini bila sanduku, kwa ajili ya Jacques-Yves Cousteau. Ikaitwa Calypso, na mwaka 1963 kampuni ya Nikon ikaanza kuiuza kwa jina la Nikonos. Nikonos kuukuu bado zinauzwa kwa bei ya chini. Lakini zinatumia filamu, na kwa nyingi kati yake unakadiria umbali kwa macho kisha unauweka kwa mkono. Anayeanza hana nafasi ya kusubiri wiki mbili ili ajue kama alikadiria vizuri.

Ya tano ni kamera ndogo zilizoundwa tangu mwanzo kuhimili maji. Inayojulikana zaidi ni Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019, iliyofuatwa na TG-7 mwaka 2023. Inazama mita 15 bila sanduku. Ina lenzi inayopokea mwanga vizuri, na ina namna ya kupiga kitu kilicho sentimita moja tu mbele ya kioo. Vifungo vyake ni vya kubonyeza, si vya kugusa kioo. Picha yake si kubwa kama ya kamera ya studio, na mahali penye giza utaona chembechembe.

Hapo ndipo swali la mzee liliponisaidia. Maji gani?

Picha nyingi za chini ya maji tunazoziona zimepigwa kwenye maji ya namna nyingine. Ni bahari ya Pemba au Mafia, au Ziwa Tanganyika, ambako siku njema jicho huona mita 20 mbele. Huko adui ni rangi. Maji humeza wekundu kwanza. Ukishuka mita tano tu umepungua sana, na chini zaidi kila kitu kinakuwa buluu. Ndiyo maana wapigapicha wa huko hununua taa kubwa mbili, wazirudishie matumbawe rangi zake. Ziwa Edouard si hivyo. Lina mwani mwingi, lina matope ya mito, na kwa miaka mingi limerutubishwa na samadi ya viboko. Mkono ukiuzamisha, hauchukui muda kupotea. Mwaloni kwenye maji mafupi, wekundu haujapata nafasi ya kumezwa. Adui ni vumbi la majini.

Adui huyu ana tabia mbili ambazo mnunuzi lazima azijue. Ya kwanza: kila sentimita ya maji kati ya lenzi na samaki ni pazia. Dawa yake ni kusogea karibu, kisha kusogea karibu tena. Kamera isiyoweza kupiga kwa karibu haina kazi kwenye maji yetu, hata iwe ya bei gani. Ya pili: flashi iliyo juu ya lenzi huangaza vumbi lote lililo mbele yake, na picha inatoka kama usiku wa mvua ya mawe. Flashi hiyo izimwe. Kama mwanga unahitajika, utoke pembeni, mbali na lenzi, ili vumbi liangazwe kwa ubavu na samaki aangazwe usoni. Na hapa sisi tuna bahati: tuko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa, miale inaingia wima, maji hairudishi sehemu kubwa ya mwanga. Kwa mita moja ya kina, jua hilo ni taa tosha, na halidai betri.

Kuna jambo jingine ambalo mwanzoni humshangaza mtu. Kupitia kioo bapa, kitu kilicho majini huonekana kimekaribia na kimekua, karibu theluthi moja zaidi ya ukubwa wake. Basi lenzi inayoona eneo pana nchi kavu huona dogo majini. Asitumie ukuzaji anayeanza. Abaki kwenye upana wote alionao, na miguu au mkono ufanye kazi ya kusogea.

Baada ya hesabu hiyo, uamuzi haukuwa mgumu. Mfanyabiashara wetu aliniletea TG-6 iliyokwisha kutumika kwa dola 350. Betri ya pili ilikuwa dola 25, kadi ya kuhifadhi picha 15, tochi ya majini 45, mkanda unaoelea 10, mafuta ya silikoni na vifuko vya kunyonya unyevu 10. Fundi wa kuchomelea vyuma alinitengenezea kishikio cha skrubu cha kufunga kamera kwenye mwanzi kwa dola 15, mwanzi ukiwemo. Jumla dola 470. Sanduku la kina kirefu sikulinunua, kwa kuwa mita 15 zinanizidi mara kumi. Taa kubwa sikuzinunua. Dola 30 zilizobaki zilikuwa za pikipiki.

Sasa swali la Tantine: itazala nini?

Jibu lilitoka kanisani. Butembo na Beni, Wabaptisti, Waadventista na Wapentekoste hubatiza kwa kuzamisha, mtoni au katika bwawa lililojengwa kwa kazi hiyo. Kila anayebatizwa anataka picha. Lakini wapigapicha wa studio husimama ukingoni, kwa sababu kamera zao zinaogopa maji kama paka. Wanapata mgongo wa mchungaji na kichwa kilicholowa. Mwenye kamera isiyoogopa maji huingia mpaka kiunoni, akiomba ruhusa kwanza na kukaa pembeni ya mkondo, na anapata uso wa mtu wakati ule ule anapotoka majini. Picha nyingine nilizipiga lenzi ikiwa nusu ndani na nusu nje: juu mikono na waimbaji, chini nguo nyeupe ikifunguka kama ua. Nauza picha moja dola mbili. Familia nyingi huchukua tatu au nne.

Niongeze neno kuhusu utunzaji, maana kamera hizi hazifi kwa kina, zinafia mlangoni. Milango ya betri na ya waya hufungwa kwa mpira mwembamba. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga juu ya mpira huo ni mfereji. Kabla ya kila kazi naupangusa kwa kitambaa laini, nautazama juani, nafunga, kisha nazamisha kamera kwenye ndoo ya maji safi na kuangalia kama kuna mapovu. Na kwa sisi tunaoshuka kutoka baridi kwenda joto kuna sheria ya ziada. Funga milango nyumbani Butembo, asubuhi, mahali pakavu, wala usiifungue tena mwaloni. Ukifunga ndani yake hewa ya joto yenye unyevu, kamera ikiingia kwenye maji ya baridi kioo kitapata ukungu kwa ndani, na huo huwezi kuupangusa.

Kabla ya kwenda ziwani nilifanya mazoezi katika bwawa la samaki la jirani yetu. Maji yake ni kama chai ya maziwa. Nilijifunza humo kwamba tilapia hukimbia mkono lakini huzoea mwanzi, ukiuacha umetulia dakika kumi.

Kyavinyonge iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, upande wa kaskazini wa ziwa, mahali mto Semliki unapotokea. Kwa hiyo ruhusa ilikuwa jambo la kwanza. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi, na mtu mwenye kamera begani hujieleza mara nyingi. Nilikwenda na karatasi ya chuo na karatasi ya wavuvi, na kamera haikutoka mfukoni njia nzima. La pili ni kwamba hakuna anayeingia majini. Viboko walikuwa zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970, wakauawa mpaka katikati ya miaka ya 2000 wakabaki chini ya 1,000, lakini kiboko mmoja anatosha. Kichocho nacho hakionekani kwa macho. Kwa hiyo aliyezama ni mwanzi, mimi nikiwa ndani ya mtumbwi uliofungwa, pembeni ya mahali wanawake wanaposafishia samaki, na mzee wangu akiwa na kafi.

Simu haiwezi kuiongoza kamera iliyo majini, kwa sababu mawimbi ya Wi-Fi hufa baada ya maji kidogo tu. Nikaiwekea kamera ijipige yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa. Mzee alionyesha kwa kidole mahali pa kushusha. Mimi sikuona kitu ila kijani. Saa sita na dakika chache nilishusha, nikasubiri, nikapandisha, nikahama hatua moja, nikashusha tena. Ng'ambo ya mlango wa Semliki ni Ishango, ambako mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mifupa iliyochongwa na vyusa vya kuvulia samaki, vya watu walioishi hapo miaka kama 20,000 iliyopita. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuwafikiria. Nao walijua samaki wako wapi bila kuwaona.

Kati ya picha 212, nyingi zilikuwa ukuta wa kijani. Kumi na moja zilikuwa na samaki, au mkia wake. Tatu zilikuwa na kitanda: duara la mchanga mweupe, upana wa sinia, kingo zimeinuliwa, na juu yake dume mweusi mweusi, mapezi yamesimama, anaitazama kamera bila kuondoka.

Jioni hiyo picha ilizunguka mwaloni kwenye simu za watu. Vijana wawili walisema nimeitoa kwenye intaneti. Wa tatu aliikuza kwa vidole, akaona ukucha wa mwanzi wenye alama ya kisu, akatazama mwanzi wangu uliolala mtumbwini, akanyamaza. Sitadai kwamba nyavu za mazalio ziliachwa kesho yake. Njaa haibishani na picha. Lakini kwa mara ya kwanza ubishi haukuwa tena kama vitanda vipo; ulihamia kwenye swali la nani ataanza kuviacha, na kwa miezi mingapi. Mzee alisema hilo ndilo swali waliloshindwa kulifikia kwa miaka mingi.

Kwa daftari langu, faida ilikuja palepale. Walipoona picha, watu walianza kutaja vitu ambavyo sikuwa nimejua kuuliza: ukingo wa kitanda una jina, kitanda kilichoachwa kina jina lake, na dume aliyenyang'anywa kitanda ana jina la kuchekesha ambalo pia hutumika kwa binadamu. Katika alasiri moja niliandika maneno mengi kuliko katika mahojiano ya mwezi mzima. Anayekusanya maneno na aende na kitu cha kuonyesha. Maneno hufuata macho.

Kwa mwenzangu anayetaka kuanza, nasema hivi. Nenda kwanza ukazamishe mkono wako kwenye maji utakayopigia, na uhesabu unapotea kwa kina gani. Kama unapotea mapema, nunua kamera inayopiga kwa karibu, acha flashi, tafuta mwanzi na saa sita ya mchana. Kama una bahati ya maji meupe, fikiria taa. Usinunue kina usichokihitaji. Na kabla ya kukopa, tafuta ni kazi gani ya nchi kavu itakayolisha kazi yako ya majini.

Hesabu yangu na Tantine imesimama hivi: kati ya dola 200, nimerudisha 140, zote za ubatizo. Jumapili mbili zijazo kuna watu 37 watakaozamishwa mtoni karibu na Beni, kama njia itakuwa na usalama. Tantine ameniuliza bei ya sanduku la mita 45. Nimemwambia bado hatulihitaji.